Mbwa walioachiwa kwenye njia za mlimani wakati wa theluji: jinsi ya kujipanga na jinsi ya kusimama

Watu wengi wakijiandaa kwenda mlimani msimu wa theluji wanawaza baridi, kuteleza na kupotea, na hayo ni ya kuwaza kweli, ila kuna jambo moja watu hawaambiani kabisa, mbwa anakuja mbio peke yake kwenye kijia chembamba kilichoganda na mwenyewe bado yuko nyuma ya kona huko hata hujamwona. Wakati wa joto unasogea pembeni kwenye majani, anapita, yameisha. Kwenye theluji hiyo pembeni yenyewe ni mteremko, au ni theluji ya kukufika kiunoni, na chini ya buti zako kuna barafu. Mi nimeshaangushwa hivyo. Mbwa wala hakuwa mkali, alikuwa na furaha zake tu, alinirukia kifuani nikiwa nashuka, nikaenda chini kwa mgongo nateleza mpaka begi likanasa kwenye kichaka, goti likaniuma wiki tatu. Mwenye mbwa alifika anahema, anasema huyu hana neno, anapenda watu. Na nilimwamini kabisa, kweli alikuwa anapenda watu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kabisa ninavyotembea. Nilichokuja kukiona ni kwamba kwenye barafu la kwanza ni miguu yako iko wapi wakati mbwa anakufikia, mambo ya kumsoma tabia yanafuata baada ya hapo. Nitaeleza kwa hatua kuanzia nyumbani, maana ukifika mlimani umechelewa, umechoka na giza linakuja, hata mbwa mpole anakuwa tatizo.

HATUA YA 1: Panga siku kabla hujagusa buti

Anza na muda. Kuna hesabu ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, na bado inafanya kazi: weka saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, afu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Yaani kilomita 10 zenye mita 600 za kupanda ni saa 3. Hiyo ni njia kavu na mtu mwenye pumzi, hujapumzika popote. Kwenye theluji laini ambayo hakuna aliyeipita kabla yako mi huzidisha mara mbili, na bado kuna siku nimepitwa. Kwa hiyo andika saa ya kugeuka, kabisa andika, na ikifika unageuka hata kama kilele unakiona pale. Mchana ni mfupi na mwisho wa mchana ndo wakati ambao umechoka, barafu iliyoyeyuka saa za jua inaganda upya na macho hayaoni vizuri.

Baridi pia ihesabu, usiikisie. Kwa wastani joto linashuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukiacha gari kwenye nyuzi 0, mita 1,000 juu yake uko karibu na -6 au -7, na hapo bado hujahesabu upepo. Nyuzi -10 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaumia kama iko kwenye -21. Hapo vidole vya mtu aliyesimama kubishana na mwenye mbwa huku amevua glavu vinakufa ganzi upesi kuliko anavyodhani.

Maporomoko ya theluji ni somo lake lenyewe na siwezi kulimaliza hapa, ila usitoke bila kusoma taarifa ya siku hiyo. Ulaya na Amerika Kaskazini wanatumia madaraja 5. Daraja la 3 watu wanalichukulia poa kwa sababu liko katikati, ila ni hatari kweli na watu wengi hufia siku za daraja hilo. Miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 ndo inayoporomoka zaidi. Kama njia yako inapita juu ya miteremko hiyo au chini yake, na hujui kutumia kifaa cha kutafutia aliyefukiwa, na huna fimbo ndefu ya kuchomea theluji wala sepetu, chagua njia nyingine siku hiyo. Aliyefukiwa nafasi yake inashuka vibaya sana baada ya dakika 10 hivi, wenzake alionao ndo uokoaji wake.

Sasa mbwa. Angalia ramani ujiulize watakuwa wapi. Kwa uzoefu wangu wengi walioachiwa utawakuta kilomita moja au mbili za mwanzo kutoka sehemu ya kuegesha magari, kisha karibu na vibanda vya wapandaji, afu kwenye mashamba na mazizi chini bondeni. Huko katikati na juu ni wachache. Ina maana sehemu mbili za hatari ni mwanzo, wakati hujapasha mwili, na mwisho, wakati magoti yamelegea. Angalia pia sheria ya eneo, hifadhi nyingi zinataka mbwa afungwe kamba, na wakati wa baridi zinalisimamia zaidi kwa sababu ya wanyama pori, nitalieleza hilo chini.

HATUA YA 2: Vaa na funga mzigo ukimfikiria mbwa pia

Mavazi ni yale yale ya siku zote, tabaka tatu: la ndani linalotoa jasho, la kati linaloshika joto, la nje linalozuia upepo na maji. Pamba iache nyumbani, ikilowa haikupi joto tena na inachelewa kukauka. Glavu pea mbili, kofia, tochi ya kichwani yenye betri nzima. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, betri kwenye baridi inakata ghafla hata kama ilikuwa inasoma nusu. Miwani ya jua usiidharau, theluji mpya inaakisi mpaka asilimia 80 ya ile mionzi ya jua inayounguza macho na ngozi, na mionzi yenyewe inaongezeka kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Kwa ajili ya mbwa hivi ndo vitu mi navijali:

Meno ya chuma ya kufunga chini ya buti. Yavae mapema, kabla ya barafu, usingoje mpaka uanze kuteleza. Mtu aliyeshika ardhi anaweza kusimama mbwa akimgonga, asiyeshika anaanguka hata mbwa akimpita tu kwa karibu. Ila kumbuka hayo meno yanakata, mbwa akijipitisha miguuni mwako unaweza kumpasua mguu, kwa hiyo ukiwa umeyavaa na mbwa yuko karibu usirushe rushe miguu.

Fimbo mbili za kutembelea. Hizi zinakuwa mguu wa tatu na wa nne, na ikibidi zinakuwa uzio. Ukimwona mbwa toa mikono kwenye zile kamba za mkononi, maana mbwa akiing'ata fimbo na mkono wako umefungwa humo atakuvuta na wewe.

Vifuniko vya mguu vinavyotoka kwenye buti mpaka chini ya goti. Vimetengenezwa kuzuia theluji isiingie, ila kitambaa chake kigumu kinasaidia pia kwenye meno.

Chakula kikae ndani ya begi, kimefungwa vizuri, kisikae kwenye mifuko ya jaketi. Mbwa wengi wanaokujia moja kwa moja wamefuata harufu tu.

Kwenye kiboksi cha huduma ya kwanza weka bandeji, pamba au vitambaa safi, na kipande kidogo cha sabuni. Sabuni watu huisahau na ndo muhimu kuliko vyote mbwa akikuuma, utaona kwa nini.

Kuhusu dawa ya kupuliza ya pilipili, mi sibebi. Kuna nchi ni kosa kuwa nayo, mlimani kuna upepo na inaweza kukurudia usoni, na kopo likishapoa sana presha inashuka. Ukiamua kubeba ijue sheria kwanza na likae ndani ya jaketi lipate joto.

HATUA YA 3: Tembea ukisikia, na uonekane ni binadamu

Hii watu hawaifikirii. Theluji mpya inameza sauti. Hatua za mbwa, kengele ya shingoni, mwenye mbwa akiita, vyote unavisikia umeshachelewa, na ukiwa na kofia ya jaketi juu ya kofia ya sufu ndo kabisa. Kwa hiyo ukikaribia kona au sehemu yenye miti mingi, shusha kofia ya jaketi, simama sekunde chache, sikiliza. Spika za masikioni zitoe kabisa sehemu za chini zenye watu.

Angalia nyayo. Nyayo za mbwa zilizochanganyika na buti ni mtu anatembea na mbwa wake, na ukiona zinatoka njiani, zinazunguka, zinarudi, zinaruka juu ya mteremko kisha zinashuka, huyo ameachiwa na yuko mbele yako. Mbwa anatangatanga, mbwamwitu kwa kawaida anakwenda mstari mmoja mnyoofu maana hapotezi nguvu. Mi napenda sana kusoma theluji hivyo, ni kama kukuta barua mtu amekuachia njiani, na mara mbili imenifanya nisimame pazuri kabla sijamwona mbwa mwenyewe.

Afu jifikirie unavyoonekana. Umefunika uso, macho yako nyuma ya miwani mikubwa ya rangi, kichwa kimekuwa kikubwa, mgongoni una nundu, mkononi una vijiti viwili virefu, na unatoa sauti ya kukwaruza kwenye barafu. Mbwa anayemjua binadamu kwa uso na harufu hapo hamwoni binadamu. Mbwa wengi wanaobweka mlimani wakati wa baridi wameogopa tu. Kwa hiyo ukimwona kwa mbali shusha kitambaa cha uso, pandisha miwani, na ongea. Ongea chochote, sauti ya kawaida, kama unamsalimia mtu. Utashangaa ni wangapi wanalegea pale pale wakisikia sauti ya mtu.

HATUA YA 4: Amekuona na anakuja

Simama. Hiyo ndo ya kwanza na fanya mapema, akiwa bado mita 30 au 40, maana una sekunde chache tu na unazitaka kwa ajili ya miguu.

Sogea upande wa juu wa njia, ule wa ukuta wa mlima, ili ukianguka uangukie mlimani usiende bondeni. Kanyaga theluji kwa nguvu mara mbili tatu upate kijukwaa cha kusimamia. Miguu iachane, mmoja mbele kidogo, magoti yalegee. Fimbo zichome upande wa chini wa mteremko, ncha chini, usizinyanyue, mbwa akiona kijiti kinapanda juu anakielewa kuwa ni kipigo. Kama uko ukingoni juu ya kilele ambako theluji imejijenga ikatokeza nje kama paa, usisogee upande huo hata hatua moja kumpisha mbwa, chini yake hakuna kitu.

Ukishasimama vizuri, mgeuzie ubavu. Usimkazie macho, mwangalie kwa pembeni, mikono chini, na uendelee kuongea kwa sauti ya kawaida. Mwite mwenye mbwa na umwambie sababu, usiseme tu mshike mbwa wako. Sema: mshike mbwa tafadhali, nimesimama kwenye barafu. Mtu anayejua kwamba mbwa wake ni mpole huona unamtukana mbwa, lakini akisikia barafu anaelewa mara moja, nimeona tofauti kubwa sana.

Hapo sasa msome. Mwili umelegea, anakuja kwa kupinda pinda kama nyoka, mkia unapepea na kiuno chote kinakwenda nao, au ameshusha kifua chini makalio juu, huyo anataka mchezo. Hatari yake ni kukurukia. Usimchekee wala kumpapasa, usipige kelele ya furaha, mpe bega tu na usiondoe fimbo ardhini, akikosa jibu anaondoka. Mwenye mwili mgumu kama ubao, mdomo umefungwa, anakukazia macho, nywele za mgongoni zimesimama, mkia uko juu mkakamavu, huyo ni mwingine. Na usidanganyike na mkia peke yake, mkia unaotikisika kwa kifupi na kwa ugumu juu ya mwili uliokakamaa sio urafiki. Wa tatu ni yule mwenye woga, mkia katikati ya miguu, masikio yamelala, anabweka huku anarudi nyuma. Huyo mpe nafasi apite na usimzibie njia, kwenye kijia chembamba mbwa mwoga akibanwa kati yako na mwamba ndo anauma.

Akikunusa mwache anuse. Akimaliza ataondoka. Ngoja mpaka afungwe au afike mbali kabla hujaanza kutembea tena, usianze kushuka sehemu ya barafu mbwa akiwa nyuma ya visigino vyako.

HATUA YA 5: Ni mkali kweli

Usitoke mguu niponye. Humshindi mbio hata kwenye lami, kwenye theluji ndo usahau, na mgongo unaokimbia unamwamsha hata yule ambaye hakuwa na nia. Kaa pale pale, sauti ishuke iwe nzito na fupi, hapana, nenda, rudi. Fimbo iweke mbele yako kwa ulalo iwe kizuizi, au shusha begi ulishike mbele ya mapaja. Usimpige kama hajakushika, kumpiga kunageuza kitisho kuwa vita.

Akisimama au akirudi nyuma kidogo, na wewe anza kurudi, hatua moja moja, bila kumpa mgongo, na kila hatua unaipima kwa fimbo kabla hujaweka uzito. Ukiona huna pa kurudi bila kuteleza basi usirudi, baki umesimama. Kusimama dakika kumi ni kuchosha na kunatisha lakini mbwa wengi wanachoka mapema kuliko hapo.

Akija kwa meno mpe kitu cha kung'ata, fimbo, begi, glavu iliyovuliwa nusu. Akishika nguo mwache nayo. Ukianguka kwenye mteremko zuia kwanza kuteleza, hilo ndo linaloua, geuka tumbo chini, chimba kwa vidole vya buti na kwa viwiko, ila ukiwa umevaa meno ya chuma na tayari unakwenda kasi usichimbe kwa miguu maana yatanasa na kukubinua, kunja magoti miguu iwe juu utumie mikono na viwiko. Ukishaacha kuteleza, jikunje pale pale, uso chini, vidole vimefungana nyuma ya shingo, mikono imefunika masikio, begi mgongoni liwe ngao, na usipige kelele.

Mbwa wa kulinda mifugo, hawa ni habari nyingine

Niwaweke peke yao maana watu wanawachanganya na mbwa wa matembezi. Ulaya kuna wale wakubwa weupe wa milima ya Pyrenees, Ufaransa na Hispania, Italia kuna Maremma, Uturuki kuna Kangal, nchi za Balkan kuna Šarplaninac. Huyu hajaachiwa kwa uzembe, yuko kazini, na mara nyingi hakuna mtu karibu wa kumwita. Wakati wa joto wako juu malishoni na kondoo. Wakati wa baridi mifugo inashushwa na wao wanashuka nayo, kwa hiyo utawakuta bondeni karibu na mazizi, pale unapoanza au unapomalizia safari jioni umechoka. Na wale weupe kwenye theluji hutawaona, mpaka theluji isimame ianze kubweka.

Ukiona zizi, kundi au uzio, zunguka mbali, hata kama ni kutembea dakika 20 zaidi. Usipite kati ya mbwa na mifugo yake hata siku moja. Akija anabweka, simama, ubavu, ongea, ngoja akukague. Kazi yake ni kuhakikisha wewe sio tatizo, akiridhika atakusindikiza mpaka mwisho wa eneo lake afu atarudi. Kama hataki upite, usibishane naye, rudi ulikotoka utafute njia nyingine, mbwa huyo amezaliwa kupambana na mbwamwitu na hakuna fimbo itakayomtisha. Kama una mbwa wako mfupishie kamba na uanze kurudi mapema zaidi, maana mbele ya hawa mbwa wako anaonekana kama mbwamwitu.

HATUA YA 6: Umeumwa

Ondokeni kwanza mbwa alipo, mpaka sehemu tambarare. Kalia begi, usikalie theluji. Vaa jaketi la akiba kabla hujaanza kushughulikia jeraha, maana mtu aliyeumia na aliyekaa anapoa haraka mno, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 akili inaanza kuchelewa na unafanya maamuzi ya ajabu. Kutetemeka ni dalili mbaya, ila mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha huku bado ana baridi ndo yuko pabaya zaidi.

Damu ikitoka kwa nguvu, gandamiza kwa kitambaa safi, hiyo kwanza. Kama inatoka kidogo kidogo, osha. Kinachotakiwa ni sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hilo ni kwa ajili ya kichaa cha mbwa, virusi vinaoshwa pale pale kabla havijaingia ndani. Mlimani huna maji ya dakika 15. Tumia ulichonacho, maji ya kunywa, yaliyo kwenye themosi yakishapoa kwa kuchanganywa na theluji safi, hakikisha hayaunguzi, paka sabuni, suuza, funga, na ukifika kwenye kibanda au nyumbani osha tena dakika 15 kamili. Usiweke theluji kwenye jeraha kupunguza damu, ngozi inaganda ukapata madhara mawili.

Halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, ila chanjo ikichomwa mapema inazuia, na duniani karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na mbwa. Daktari ndo atakayeamua kwa nchi uliyopo kama unahitaji chanjo tu au na sindano ya kingamwili kwenye jeraha, na ataangalia pepopunda pia. Chanjo huwa ni zaidi ya dozi moja, zimalize zote. Ndo maana ni muhimu kujua mbwa ni wa nani: chukua jina na namba ya mwenyewe, uliza kama mbwa amechanjwa, piga picha ya mbwa. Mbwa anayejulikana na aliye mzima anaweza kuwekwa chini ya uangalizi siku 10, na hilo linamsaidia daktari sana. Hapo una hasira na unatetemeka, najua, lakini taarifa hizo usipozichukua pale hutazipata tena.

Kama huwezi kutembea, Ulaya piga 112, Marekani na Kanada 911. Simu ikikosa mtandao, tumia filimbi au tochi, mara 6 kwa dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Ukisikia mara 3 kwa dakika, umejibiwa. Endelea ili wakupate ulipo.

HATUA YA 7: Kama wewe ndo mwenye mbwa

Naandika hii nikiwapenda mbwa, na mi mwenyewe hutembea na wa rafiki yangu mara kwa mara. Mlimani wakati wa theluji mfunge kamba. Sababu sio watu peke yao. Swala wa milimani, paa, sungura wa theluji, ndege wanaojichimbia kwenye theluji, hao wote wanaishi kwa akiba ndogo ya nguvu mpaka majani yatoke, na kukimbia kwenye theluji ya kifuani kunakula sehemu kubwa ya akiba hiyo. Mbwa wako amecheza dakika tano na amerudi anatabasamu, yule mnyama anaweza asifike mwisho wa msimu. Na mbwa mwenyewe hajui paa la theluji linalotokeza hewani, hajui ziwa lililoganda barafu yake ni nyembamba wapi. Akizama ziwani usimfuate, mwite kutoka ufukweni, omba msaada, watu wengi wamekufa hivyo wakati mbwa ametoka mwenyewe.

Kamba usiifunge kiunoni sehemu ya kushuka yenye barafu, akivuta mnaenda wote. Ishike mkononi, uweze kuiachia. Vidole vyake vikague kila baada ya muda, theluji inaganda katikati kama mawe madogo na anaanza kuchechemea. Ukikutana na mbwa mwingine aliyeachiwa, legeza kamba ya wako, kamba iliyokazwa inamwambia kuna hatari, panda upande wa juu wa njia, mweke nyuma yako, mwache mwingine apite.

Kabla ya kila kona usiyoiona, mwite arudi miguuni, kila kona, hata kama hujakutana na mtu saa nzima. Na ukitokeza ukaona mtu amesimama upande wa juu wa njia, fimbo zake chini, amekupa ubavu na hasogei, ujue anakungoja wewe. Mfunge mbwa kwanza, ndo umsalimie.